Kichuguu Kilichomsikia Shangazi Zaituni

Katika utoto wangu vichuguu vilikuwa na masikio. Vilikuwa na pua pia, na vinyongo kuliko mtu yeyote niliyemjua, ukimtoa mwalimu wetu wa hesabu. Hayo nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Kukhu kama Wagisu wanavyowaita bibi zao, nami nilimwamini kabisa. Mpaka leo nikipita karibu na kichuguu napunguza sauti. Mume wangu hunicheka. Yeye ni mtu wa Jinja, kazaliwa mjini, na kumbikumbi anawajua wakiwa wameshakaangwa na kutiwa chumvi.

Wazazi wangu walipanga vyumba Namakwekwe, mjini Mbale, katikati ya kelele za bodaboda na redio za majirani. Shule zikifungwa, baba alinipeleka kwa Kukhu, chini ya mlima Wanale, ambako mvua ikinyesha unaweza kusimama mlangoni pa jiko ukaona maji meupe yakiporomoka kwenye majabali. Kukhu alikuwa na migomba, kahawa kidogo, na mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya. Mwisho wa shamba, penye mteremko, kilisimama kichuguu kikubwa kuliko jiko lake.

Kile kichuguu kilikuwa mali. Kwetu watu hurithi vichuguu vilevile wanavyorithi ardhi, na najua ndugu waliokosana mpaka wakaacha kuzikana kwa sababu ya kichuguu kimoja. Hiki alikiacha babu, na kabla hajafariki alisema kwamba kipigwe na Zaituni, binti yake wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye mwenye mkono.

Niwaeleze wasiojua. Kumbikumbi wa aina ile hamkai mkawangoja. Mnawaita. Unalaza ubao mkavu karibu na tundu, unalifunika lile tundu kwa blanketi kuukuu lililoinuliwa kwa fito, unachimba kishimo cha kuwanasia, kisha unaupiga ule ubao kwa vijiti viwili, haraka haraka, nao wanatoka mchana kweupe. Mwalimu wa sayansi alituambia kwamba wadudu kule chini hudhani ni mvua. Kukhu alikuwa na maelezo yake. Kichuguu kilimsikiliza mpigaji, kikamjua. Kama asubuhi hiyo amegombana na mwenzake, hakitoi. Kama ana jambo baya moyoni, hakitoi. Na kama mpigaji ni mtu ambaye kifo kimeshamshika mkono, hapo mambo huwa makubwa zaidi: kumbikumbi hurudi chini moja kwa moja, kichuguu kinakufa, na ukoo mzima unabaki mikono mitupu. Kukhu aliyasema haya huku akichambua maharagwe, kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba kesho ni Ijumaa.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyonipendeza zaidi. Kumbikumbi wa kwanza hawakuingia kwenye sufuria. Mpigaji aliwachukua kwenye kiganja chake, wakiwa hai bado, akawalisha wakubwa waliokuwepo, mmoja mmoja, toka mkononi mwake mpaka kinywani mwao. Jirani aliyelishwa alipata fungu lake. Asiyelishwa alirudi nyumbani na sufuria yake ikiwa kavu. Imamu wa msikiti wetu mdogo alipoulizwa kama jambo hilo linafaa, alisema kwamba nzige ni halali na kumbikumbi ana mabawa, kisha akafungua kinywa.

Shangazi Zaituni alipiga kichuguu kile tangu akiwa msichana. Baadaye akaolewa Jinja na mfanyabiashara wa samaki, na kazi ikabaki kwa kaka yake, Baba Mdogo Sula. Huyu aliwahi kuwa askari zamani, kwa muda mfupi tu, lakini mtaa mzima ulimwita Afande naye hakuwakatalia. Alikuwa na kofia ya kijani ambayo hakuivua hata akila. Alipiga ubao kwa nguvu nyingi na kelele nyingi, na kila msimu kumbikumbi walitoka wachache, wa kujaza bakuli. Kukhu alivumilia. Alisema mkono wa Sula ni mkono wa kufukuza mbuzi.

Kisha shangazi akarudi. Nilikuwa na umri wa kukaribia kumaliza shule ya msingi, na ilikuwa likizo. Pikapu ilisimama barabarani, dereva akashusha godoro lililofungwa kamba, sanduku, na cherehani, na mwisho akamsaidia mwanamke mmoja kuteremka. Sikumjua. Nilidhani ni bibi wa mtu. Aliponiita jina langu, Rehema, ndipo nikaijua sauti, nikaogopa sana.

Mumewe alikuwa amefariki. Shemeji zake walichukua nyumba na mitego ya samaki, wakamwambia kwamba ugonjwa uliomuua kaka yao yeye ndiye aliyeuleta, ingawa hakuna anayejua nani alimpa nani, na mimi sijaona faida ya kujua. Neno lenyewe halikutajwa nyumbani kwetu. Watu walisema silimu, yaani UKIMWI, ugonjwa wa kukonda, tena kwa kunong'ona, wakitazama pembeni. Wengine hawakusema hata hilo, walinyoosha tu kidole kidogo, kile chembamba, ukaelewa.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiislamu na tulikula kwenye sinia moja, wote, mikono yetu ikigongana kwenye ugali. Shangazi alikula peke yake nyuma ya nyumba, kwenye sahani ya plastiki ambayo Kukhu aliinunua kwa ajili hiyo. Kikombe chake pia kilikuwa chake. Nataka nieleweke: Kukhu alimpenda binti yake. Alimchemshia maji ya kuoga, alimfulia mashuka usiku alipotokwa na jasho, na nilimsikia kwenye sijida akilia na kumtaja. Lakini sahani ilibaki sahani. Mapenzi na woga viliishi ndani ya yule mama mmoja, na hakuna kilichomtoa mwenzake.

Kaka yake ndiye aliyekuwa mkali. "Mama, iko watoto hapa," Afande alisema, na shangazi akiwa anasikia. "Hii kitu inaruka. Mimi niliona jeshini, watu wanaisha hivi hivi."

"Hairuki, Sula," shangazi akajibu. "Si kuku."

Mimi nilicheka. Nilipigwa kofi kwa kucheka, na lilikuwa kofi la haki kwa mujibu wa nyumba ile.

Alianza kupanda bodaboda kwenda kliniki mjini, akirudi na dawa kwenye mfuko wa kitenge. Nesi wa huko alimwambia anywe kila siku bila kuacha, na kwamba akinywa ataishi. Shangazi alitueleza hivyo. Alieleza pia kwamba ugonjwa haupiti kwenye sahani, wala kwenye kushikana mikono, wala kwenye mto wa kulalia. Kukhu alisikiliza kwa heshima, akasema alhamdulillahi, akamletea chakula kwenye sahani yake.

Miezi ikapita, nikarudi shule, nikaja tena likizo ya mvua ndefu. Shangazi alikuwa ameanza kurudi katika mwili wake. Mashavu yalikuwepo. Alikuwa anashona magauni ya gomesi kwenye ile cherehani na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani. Mimi niliona, macho yangu mawili, kwamba huyu mtu anapona. Ajabu ni kwamba mimi tu ndiye niliyeona, au tuseme wengine waliona wakatafsiri vingine. Jirani yetu Mama Masitula, mwanamke mnene mwema aliyeniletea ndizi mbivu kila niliposhuka kutoka mjini, alimwambia Kukhu, "Mtu ya silimu akinenepa, mama, ndiyo anaaga. Wewe tayarisha sanda."

Msimu ule kichuguu hakikutoa kitu. Mvua ilinyesha vizuri, jua likatoka vizuri, na kumbikumbi wa watu wengine huko Malukhu walikuwa wanauzwa sokoni kwa vikombe. Afande alipiga ubao mpaka kijiti kikavunjika. Walitoka mchwa askari tu, wale wenye vichwa vyekundu, wakazunguka tundu, wakarudi ndani. Siku iliyofuata ikawa hivyo. Majirani walikuja na sufuria zao wakarudi nazo, na sufuria tupu ikibebwa kichwani inaonekana kutoka mbali.

Basi wakaja kwa Kukhu. Walikuwa Mama Masitula, wake wengine wa majirani, na Afande. Waliketi kwenye mikeka mbele ya nyumba baada ya sala ya adhuhuri. Mimi na shangazi tulikuwa jikoni, tunamenya ndizi, na ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo wenye mianya, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Kichuguu iko na pua," Mama Masitula alisema. "Sisi hatumchukii Zaituni. Mtoto yetu. Lakini kifo iko ndani ya nyumba, na kichuguu inasikia harufu. Ikifa, imekufa ya watoto yetu wote."

"Arudi Jinja," Afande akasema.

"Jinja kwa nani?" Kukhu akauliza.

"Kwa nani, mimi sijui. Jinja ni kubwa."

Fimbo ya Kukhu ikagonga ardhi mara mbili. Kisha nikasikia sauti yake ikisema kwamba ataongea na binti yake Ijumaa, na kwamba watapata gari la kumpeleka.

Nilimtazama shangazi. Kisu kilikuwa mkononi na ndizi ilikuwa imebaki nusu. Hakulia. Alimaliza kuimenya ile ndizi, akaiweka kwenye maji pamoja na zingine, akanawa mikono. Mimi ndiye niliyelia, akanifuta kwa kanga yake, halafu akashtuka kidogo na kuitazama ile kanga, kwamba labda hapaswi. Hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya mkekani. Nikaishika ile kanga nikajifuta tena kwa makusudi.

Asubuhi ya siku ya pili yake Afande alikwenda kwenye kichuguu kujaribu kwa mara ya mwisho, na watu wakaenda kuangalia, kwa kuwa kushindwa kwa Afande kulikuwa burudani. Shangazi alitoka chumbani amevaa gomesi yake ya rangi ya kahawia na mtandio safi. Alichukua birika, akatawadha pale uani bila haraka, mpaka masikio, mpaka miguu. Kisha akaniambia, "Rehema, lete ubao wa babu yako. Uko juu ya dari ya stoo."

Nikauleta. Ulikuwa mweusi kwa moshi, umeliwa katikati na vijiti vya miaka. Nikamfuata kwenye mteremko, nami niliielewa hesabu yote. Kama angepiga na wasitoke, basi yaliyosemwa mkekani yangekuwa yamethibitishwa mbele ya kila mtu. Hapangekuwa na Ijumaa ya kuongea. Na mimi niliamini, jamani. Niliamini kwamba vichuguu vinanusa. Nilimpenda shangazi yangu na niliogopa kwamba kichuguu kitasema kweli.

Watu walipomwona walisogea. Hakuna aliyewaambia wasogee. Nafasi ilijitengeneza tu, pana, na yeye akapita katikati yake.

"Zaituni, hapana," Afande akasema. "Hapana karibia hapa."

"Baba aliniachia mimi."

"Ulikuwa mzima!"

Shangazi alimgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo na fimbo yake. Kukhu alimtazama sana. Ninaukumbuka uso ule kuliko nyuso zote nilizowahi kuziona. Hakuwa na hasira. Aliogopa, na aliogopa kwa ajili ya wote wawili.

"Mwanangu," akasema, "wasipotoka, mimi sitaweza kukutetea tena. Sitakuwa na neno."

"Najua, mama."

"Basi piga."

Akaketi chini, miguu mbele, ubao kati ya magoti. Akasema bismillahi. Akaanza.

Afande alikuwa anapiga kama mtu anayebisha mlango wa mdeni. Shangazi alianza kimya kimya, vidole vikicheza, mpaka nikadhani hajaanza, kumbe ameshaanza. Sauti ilikuwa ndogo na ya haraka, haina nafasi ndani yake. Ikakua polepole. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kitu chini ya ardhi, na hakututazama tena. Mtoto wa mtu akaanza kuongea, akazibwa mdomo.

Askari wakatoka. Vichwa vyekundu, wengi, wakazunguka tundu wakigusana. Tukainama wote kutazama. Wakazunguka, wakazunguka, kisha, ninaapa niliona, mmoja akageuka akaingia ndani, na mwingine, na wote wakaingia, tundu likabaki wazi na tupu.

"Mmeona?" Mama Masitula akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Mmeona sasa?"

Baadhi ya wanawake wakaanza kuokota sufuria zao. Kukhu akafumba macho, midomo yake ikawa inakwenda, anasoma. Na shangazi akaendelea kupiga. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Hakupiga kwa nguvu zaidi, hakupunguza, aliendelea vilevile, na mimi nilitaka aache kwa sababu nilimwonea haya, nilitaka mtu amshike mkono ampeleke nyumbani.

Kwanza nilisikia mnong'ono. Niligeuka nikidhani ni watu wanasemana. Haukuwa wa watu. Ulitoka ndani ya kichuguu, mkavu, mwepesi, na ukakua mpaka nikauhisi kwenye nyayo zangu tupu. Kisha tundu likajaa. Hawakutoka mmoja mmoja walivyozoea. Walitoka wamebanana, mabawa yamelala, wakimiminika kwenye kishimo, kishimo kikajaa, wakapita juu yake. Blanketi likaanza kuinuka. Mtu akapiga kelele kwamba watazame upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na tundu jingine, ambalo hakuna aliyewahi kulijua, nalo linatoa. Na jingine chini ya mizizi ya mgomba. Kichuguu kizima kilikuwa kinatoa, kwenye kila ufa, na waliokosa blanketi walipanda angani, jua la asubuhi likapita ndani ya mabawa yao, na juu yetu hewa yote ikawa inang'aa na kutembea.

Sijawahi kuona kitu kama kile tena. Nimeona mambo mengi makubwa maishani, nimezaa watoto, nimeliona ziwa likichafuka, lakini nikiulizwa ni lini nilimwogopa Mungu kwa mara ya kwanza, kuogopa kule kwa kutaka kupiga magoti, nitasema ni pale, kumbikumbi wakinigusa usoni. Watu wazima walikuwa wamesimama wameachama. Afande alivua kofia yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba ana kipara.

Shangazi akaacha kupiga. Wao hawakuacha kutoka.

Akaingiza mkono chini ya blanketi, akawachota, akasimama. Kiganja chake kilikuwa wazi, kimejaa mabawa yanayopepea, na akakinyoosha mbele kama desturi ilivyo, kwa wakubwa. Kichuguu kilikuwa kimesema, kila mtu amesikia, lakini kusikia ni kitu kimoja na kufungua kinywa ni kingine. Mkono ule ulibaki hewani. Mama Masitula aliutazama. Wanawake waliutazama. Kumbikumbi mmoja mmoja wakaanza kuruka kutoka kiganjani mwa shangazi.

Kukhu akainuka. Aliacha fimbo chini. Alitembea zile hatua chache za mteremko bila ya kushikwa na mtu, akafika mbele ya binti yake, na akafanya kitu ambacho desturi haikukidai. Desturi ilidai mpigaji ainue mkono mpaka kinywani mwa mkubwa. Kukhu aliinama yeye. Mama wa watu, mwenye magoti mabovu, aliinamisha kichwa mpaka mtandio wake ukagusa mkono wa Zaituni, na akala kiganjani, midomo yake ikigusa ngozi. Alipoinuka alikuwa na bawa kwenye kidevu na machozi yanamtoka.

"Huyu kifo hakijamshika," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mmekiona kichuguu. Atakayesema tena, aseme na mimi."

Shangazi Zaituni ndipo alipolia. Alilia wazi, kama mtoto, kamasi zikimtoka, na mkono bado ameunyoosha.

Mama Masitula alikuja wa pili. Alifumba macho kabisa na alifungua kinywa kwa shida, kama anayepewa kwinini, akatafuna, akameza. Kisha akafumbua macho akasema, "Wanene, mwaka huu," na watu wakacheka kicheko kilichozidi ule mzaha wenyewe. Afande alikuja wa mwisho. Shangazi alimlisha bila kumwambia kitu, na naamini kwamba ile ilikuwa adhabu ya kumtosha. Mimi sikuwa mkubwa, sikustahili kulishwa, lakini nilijipenyeza nikafungua kinywa, na shangazi akanilisha. Walikuwa na ladha ya maziwa na udongo.

Jioni, baada ya magharibi, sinia lilipotengwa, Kukhu aliita kutoka mkekani, "Zaituni, kuja. Ugali inapoa." Shangazi akaja akaketi kati yangu na Afande, na mikono yetu ikagongana.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikiishia hapo, na watu hufurahi. Wanataka niwaambie ni muujiza, au wanataka niwaambie ni bahati, hali ya hewa tu, wadudu walikuwa wameiva. Mimi sijui. Nilipokwisha kuolewa Jinja, shangazi alikuja kunitembelea, tukakaa jikoni kwangu, nikamuuliza kama alijua kwamba watatoka. Nilitumaini atasema ndiyo, kwamba aliona dalili fulani kwenye udongo, ujuzi wa babu.

"Sikujua," akasema. "Nguo nilikuwa nimeshazifunga."

"Ungekwenda wapi?"

Alinyanyua mabega. "Rehema, ulimsikia kaka yangu. Jinja ni kubwa."

Jibu lile lilinikosesha usingizi. Maana mpaka siku hiyo nilikuwa nakishukuru kichuguu, na sasa nilianza kukikasirikia, na kutukasirikia sisi. Mtu alikuwa amepona mbele yetu. Mashavu yake yalikuwa shahidi, sauti yake ilikuwa shahidi, nesi alisema, yeye mwenyewe alisema kwa kinywa chake, na hakuna aliyesikia mpaka wadudu walipotoa ushahidi. Na kama asubuhi ile ardhi ingekuwa baridi zaidi kidogo? Hapa mtaani kwangu palikuwa na binti mmoja aliyeuza chapati, mcheshi, ambaye ndugu zake walipojua kwamba ana ugonjwa uleule walimhamishia kwenye kibanda cha kuku, na alifia humo dawa zikiwa zinapatikana bure barabara ya pili. Hakuwa na kichuguu. Angekuwa nacho, pengine kingenyamaza. Wengi wetu tunapiga ubao na hakitoki kitu, na haimaanishi kwamba hatustahili kula na watu.

Lakini hasira yangu nayo haiwezi kukaa peke yake, kwa sababu namkumbuka Kukhu. Aliamini uongo kuhusu kifo na kuhusu kichuguu, na imani ileile ndiyo iliyompa ujasiri wa kuinama. Mimi, na elimu yangu, sijui kama ningeinama mbele ya majirani wote kwa sababu tu karatasi ya hospitali imeniambia. Naona hofu ile ilihitaji kitu kikubwa kuliko hoja ili ivunjike, ikakipata. Nabaki nimestaajabu, na sioni haya kusema kwamba nimestaajabu.

Shangazi Zaituni yupo. Ana wajukuu, anameza dawa zake kila siku, na daktari anamwambia virusi havionekani tena kwenye damu. Wengi wa waliojiandaa kumzika wamezikwa. Afande tulimzika, na shangazi ndiye aliyepika chai ya matanga.

Mwaka juzi Kukhu alifariki, amezeeka vizuri, akiwa kitandani pake. Alikuwa ameacha wasia kwamba Zaituni ndiye amwoshe. Wanawake tuliingia chumbani, tukafunga pazia, maji ya vuguvugu yakaletwa. Mama Masitula, ambaye sasa anatembea kwa kushika kuta, ndiye aliyemimina, na shangazi akapitisha mikono yake kichwani mwa mama yake, mabegani, mgongoni, mpaka kwenye vidole vya miguu. Alikuwa anaongea naye taratibu. "Geuka kidogo, mama," alimwambia. "Kidogo tu. Hivyo." Nilitazama nyuso za wanawake waliozunguka kitanda, nikitafuta, sijui nilitafuta nini, labda mtu wa kusogea. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo la kufikiriwa. Mtu mmoja aliniambia nimpe taulo, nikampa.